Lenzi ya njano: jua la Moshi au taa ya UV?

Wadau, ile lenzi ya kamera ya zamani, Super Takumar 50mm f/1.4, kioo kikiwa cha njano kama chai ya rangi sio uchafu, ni thoriamu (metali yenye mionzi) iliyomo kwenye kioo, mionzi yake inakibadilisha rangi taratibu miaka na miaka, kwa hiyo usihangaike na kitambaa.

Njano hiyo huondolewa kwa mwanga wa UV (urujuanimno). Jua ni bure na linafanya kazi kweli, ila Juni na Julai huku Moshi mawingu tu hata Kibo huioni, halafu joto linalainisha grisi ya ndani, na lenzi ikikusanya jua inaweza kuunguza kitu. Mi nachukua taa ya UV ya LED, hata ya kukaushia kucha, haina joto kali, unamulika siku kadhaa. Usiitazame kwa macho. Njano itarudi, ila polepole mno.