SUV ya Kiitalia kwenye joto la Muscat, Oman: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana mtu anayetafuta gari hana subira. Hili ndilo gari tamu kuliko yote niliyowahi kuyaendesha, na ndilo lililonifanya nijulikane kwa jina na mtu wa mapokezi gereji, fundi umeme na dereva wa winchi. Ukiniuliza kama ningelinunua tena, ningelinunua, ila kwa sharti moja: liwe gari la pili nyumbani. Atakayelitegemea kupeleka watoto skuli kila siku atajuta.

Chapa nitaisitiri. Hapa Muscat wenye magari haya tunahesabika, tunajuana, na sitaki kesi na mtu. Itoshe kusema ni la Kiitalia, injini V6, yaani ya silinda sita, yenye turbo mbili, linavuta magurudumu yote manne na nguvu zake zimepita farasi 400. Sikulichukua jipya. SUV za namna hii hushuka bei kwa kishindo miaka ya mwanzo, kwa hiyo aliyelitoa dukani ndiye aliyelipia ufahari, na wewe wa pili unaipata injini ileile kwa bei ya Prado iliyotumika. Ami yangu, ambaye tangu arudi kutoka Unguja hajaendesha kitu kisichokuwa Toyota, alilizunguka, akagonga tairi kwa kiatu, akauliza, "Na spea iko wapi?" Spea hakuna. Kwenye buti mna chupa ya dawa ya kuzibia pancha na kipampu cha umeme. Hakusema neno, akaingia ndani kunywa kahawa.

Wapo wanaodhani SUV kali za Kiitalia ni mtindo wa juzi. Lamborghini walikuwa na LM002 tangu 1986 mpaka 1993, dude zito lililotiwa V12 ya Countach, na Pirelli wakalitengenezea tairi maalumu za Scorpion za kupita mchangani. Baadaye kukawa kimya kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka Maserati walipoleta Levante mwaka 2016. Stelvio ya Alfa Romeo ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo, kisha Urus ya Lamborghini, na mwaka 2022 Ferrari wakatoa Purosangue, ambayo wao wenyewe hawataki kabisa iitwe SUV. Iliyowatia watu adabu ni Stelvio Quadrifoglio, ile Stelvio yenye nguvu kuliko zote. Mwaka 2017 ilizunguka Nürburgring, uwanja wa mashindano wa Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 51.7, rekodi ya SUV za dukani kwa wakati ule, kwa V6 ya lita 2.9 na farasi 510. Jina lake limetokana na njia ya mlimani kaskazini mwa Italia, inayopanda zaidi ya mita 2,700, na upande wake mmoja una kona kali 48. Walioyatunga magari haya walikuwa wanawaza kona. Joto la Ghuba walilifikiria baadaye.

Kona na sisi tunazo. Ukitoka Muscat kwa barabara ya Nizwa ukafika Birkat al Mouz, chini ya Jabal Akhdar kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta magurudumu manne halipandi. Mara ya kwanza askari aliitazama nembo, akaitazama mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, akaniuliza kwa mashaka kama kweli linavuta mbele na nyuma. Akaniruhusu. Kutoka pale mpaka uwanda wa Saiq, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni mwinuko mtupu, na kila kona ina ukuta wa jabali upande huu na bonde upande wa pili.

Hapo ndipo unapoelewa fedha zako zilikokwenda. Kilichoniteka ni usukani. Ni mwepesi na mkali, ukiuzungusha kidogo tu pua ya gari imekwisha kuingia konani, wala bodi haiinami kama ilivyo desturi ya magari marefu. Nyuma ya usukani kuna mabawa mawili ya alumini ya kubadilishia gia, baridi mkononi, yamefungwa mahali pamoja hayazunguki na usukani. Unavuta la kushoto, gia inashuka, injini inapandisha sauti, na sauti yenyewe inagonga jabali na kukurudia. Turbo zikishajaa hutauhisi mlima. Mke wangu, ambaye hapendi kabisa mwendo wangu, alishika mpini wa mlango njia nzima, na tulipofika juu aliuliza kama na yeye anaweza kuliendesha wakati wa kurudi. Aliteremka kwa gia za chini bila kuchosha breki, nikanyamaza.

Mjini raha hiyo huipati. Barabara kuu mwisho ni 120, kamera zimepangwa kila upande, na kwa mwendo huo gari liko gia ya nane, injini imesinzia. Ndani kuna ngozi nzuri na mshono wa mkono wa kupendeza, lakini skrini ya katikati inafanya kazi kama karani wa ofisini Alhamisi mchana. Unabonyeza, unangoja, unabonyeza tena, kisha yote mawili yanafanyika kwa pamoja.

Sasa adha. Nilipolinunua nilihofia injini na gia, kama kila mtu. Injini haijanisumbua. Gia ni ZF ya Kijerumani yenye hatua nane, ndugu ya zile zilizomo kwenye BMW nyingi, nayo haijanigharimu zaidi ya oili. Kilichonitesa ni vitu vidogo: nyaya, sensa, viunganishi vya plastiki, mipira.

Umeme ndio ulioanza. Asubuhi moja nilipoliwasha, dashibodi ikaniambia breki zina hitilafu. Kabla sijaisoma vizuri ikaniambia na gia, kisha sensa za kuegeshea, kisha mfumo wa kuzuia utelezi. Gereji ya kwanza ilichomeka kompyuta, ikatoa orodha ndefu ya makosa, na kunishauri nibadilishe kifaa ambacho bei yake ilinitoa jasho ndani ya kiyoyozi. Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa Kerala aliyeko sanaiya, mtaa wa magereji, ya Wadi Kabir. Hakuchomeka kitu. Alichukua mita yake, akapima betri, akacheka. Kompyuta za magari haya ni nyingi na zinazungumza muda wote. Volti zikishuka kidogo, kila moja inadhani mwenziwe ameharibika na kuanza kumshitaki. Joto la hapa linaua betri upesi, na gari likiegeshwa siku nyingi juani hali huwa mbaya zaidi. Tulitia betri mpya ya aina ileile iliyoandikwa na kiwanda, makosa yakafutwa, hayakurudi. Tangu hapo nina chaja ndogo gereji ya nyumbani, na nikisafiri nauchomeka waya wake.

La pili lilikuwa maji ya rejeta. Ndani ya boneti ya gari la turbo mbili kuna joto ambalo hata bila jua la Julai lingetosha kukausha mpira. Kiunganishi kimoja cha plastiki, kidogo kuliko kiganja, kilipasuka njiani kurudi kutoka Barka. Geji ikapanda, nikasimama pembeni, winchi ikaja. Kifaa chenyewe ni rahisi. Kazi ya kukifunga ni ya saa chache. Tatizo ni kwamba wakala hakuwa nacho, ghala la Dubai halikuwa nacho, na ilikuwa inaingia Agosti.

Wanaofikiria kununua naomba hapa wasome polepole. Italia mwezi wa Agosti hulala. Kuna sikukuu yao ya Ferragosto tarehe 15, na kuizunguka viwanda vingi hufunga kwa wiki kadhaa, watu wanakwenda baharini. Huku kwetu kipindi hichohicho ndicho magari yanapochemka. Kwa hiyo gari linakufa katika mwezi ambao hakuna wa kukupakilia kipuri. Nilingoja, nikapiga simu, nikaambiwa "wiki ijayo, inshallah" mpaka nikaacha kuuliza. Mwishowe kipuri nilikipata kwa gereji ya mtu binafsi huko Al Quoz, Dubai, ambako kuna mafundi wanaoyajua magari ya Kiitalia na wenye kuvua vipuri kutoka magari yaliyopata ajali. Siku hizi matengenezo makubwa nalivusha mpaka, na kadi ya bima ya chungwa, ile ya kuvukia mpaka, haitoki kwenye kibweta cha gari.

Mwenye Urus atasema haya hayamhusu, na kwa kiasi anasema kweli. Lamborghini iko chini ya Audi, na Urus imejengwa juu ya msingi mmoja na Audi Q8, Porsche Cayenne na Bentley Bentayga, kwa hiyo sehemu zake nyingi hupatikana kupitia ukoo huo. Kwa upande mwingine, Levante ilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2024, na gari ambalo halitoki tena kiwandani lazima ujiulize mapema vipuri vyake utavipata wapi.

Tairi nazo zina hesabu yake. Za nyuma ni pana kuliko za mbele, huwezi kuzibadilisha nafasi ili ziishe sawa, na za nyuma zinaliwa upesi kwa sababu huko ndiko nguvu nyingi zinakokwenda. Ukipasua moja jioni ya Ijumaa, usitarajie kuikuta duka la karibu. Mafuta ndiyo pekee yasiyoniumiza: petroli hapa ni rahisi, na hata gari likinywa kama linavyokunywa mjini, bili haifanani na ile ya ndugu zetu wa Ulaya.

Kama bado unalitaka, tafuta la GCC, yaani lililotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba. Yapo mengi ya bei poa yaliyoletwa kutoka Marekani baada ya ajali, yakapigwa rangi Sharjah, na mfumo wao wa kupoza haukulengwa kwa joto letu. Mpe wakala namba ya chasisi akuangalizie kama gari liliwahi kuitwa kiwandani kwa marekebisho na kama yalifanyika. Mambo haya hutokea hata kwa wakubwa: Machi 2019 Alfa Romeo waliziita Giulia na Stelvio za nchi mbalimbali kwa hitilafu ya programu katika mfumo wa kudhibiti mwendo, na dawa yake ilikuwa kusahihisha programu tu. Aliyelinunua gari kama hilo mkononi mwa mtu bila kuuliza huenda hajui lolote.

Liwashe likiwa la baridi, asubuhi, kabla muuzaji hajalipasha moto. Sikiliza. Ingiza mkono chini ya zulia la buti utafute unyevu, washa kiyoyozi cha nyuma, fungua na ufunge kila kioo. Omba risiti za oili, kwa sababu injini za turbo haziwezi kuvumilia mtu anayechelewesha oili kwenye joto la digrii 45. Kisha panda nalo mlima wowote ulio karibu. Likiwa zima utajua kwa kona ya tatu, na bei yake utaanza kuisahau.

Na dai ufunguo wa pili. Ukiupoteza mmoja, mpya unaagizwa Italia kwa namba ya chasisi, na ikiwa Agosti imeingia, panga na jirani akupeleke kazini.