TAHADHARI: Vipande vya "dhahabu ya kompyuta" vinavyouzwa mtandaoni

Wanunuzi wa skrapu, kaeni macho na vipande vya njano vinavyotangazwa kuwa ni dhahabu iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Rafiki yangu ametapeliwa, na kipande chenyewe nimekipima kwa mkono wangu.

Mchezo uko hivi. Wanakusanya pini za kompyuta, wanaziyeyusha zote pamoja na kumimina kwenye kalibu, bila kusafisha chochote. Pini hizo ni shaba iliyochovywa dhahabu, tabaka jembamba kuliko unywele, kwa hiyo kinachotoka ni shaba tupu yenye chembe za dhahabu. Tangazo linasema "ina dhahabu". Asilimia haitajwi, na ukimbana muuzaji anakujibu kwamba hakudanganya.

Video zao zisikubabaishe. Sumaku haikishiki? Haishiki shaba, risasi wala fedha pia. Asidi imedondoshewa juu na hakuna kilichobadilika? Kipande kikichovywa dhahabu kwa nje, asidi inakutana na dhahabu tu. Hata mashine ya eksirei husoma ngozi ya juu. Namba za usafi, 750 ya dhahabu au 925 ya fedha, mtu yeyote anaweza kugonga.

Mimi nilianza na maji. Nilikipima kikavu: gramu 50. Kisha nikakining'iniza kwa uzi ndani ya maji, kisiguse chombo, nikakipima tena humo. Dhahabu safi ya gramu 50 ingepungua kama gramu 2.6. Hiki kilipungua karibu 6, na hapo jibu lilishapatikana. Nikakikwaruza kwa tupa hadi ndani, nikadondosha asidi ya nitriki kwenye mkwaruzo: povu la kijani papo hapo. (Asidi hii hutoa moshi wenye sumu. Kama huna uzoefu, mpelekee sonara.)

Maji nayo yana mpaka wake. Metali ya tangsteni ina uzito unaokaribiana mno na wa dhahabu, gramu 19.25 kwa 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo mche mkubwa wa dhahabu ni lazima utobolewe au ukatwe.

Kabla ya kulipa, taka kipande kikatwe katikati na kipimwe na mtu uliyemchagua wewe. Aliyemuuzia rafiki yangu alikataa kabisa, eti kukikata kutashusha thamani. Dhahabu ya kuyeyusha haishuki thamani kwa kukatwa! Sasa amefunga akaunti ile, lakini picha zilezile nimeziona kwenye akaunti mpya. Mkikutana nazo, ziripotini.