Jioni za Wasimamizi wa Mikopo Dodoma: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja wa Uanachama

Nimekuwa afisa mikopo kwa miaka tisa, sita kati yake nikiwa katika SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya watumishi hapa Dodoma, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa utulivu kwa nini mkopo niliouidhinisha mimi mwenyewe ulikuja kuwa chechefu, yaani marejesho yake yakakwama. Bodi iliuliza kwa hasira na mkaguzi akauliza kwa maandishi, lakini mtu wa kukaa naye tukalipitia faili ukurasa kwa ukurasa sikumpata mpaka nilipojiunga na tawi la wataalamu wa usimamizi wa mikopo la hapa mjini. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya maafisa wenzangu wa benki, SACCOS na kampuni za mikopo, pamoja na wahasibu wanaofuatilia madeni ya wateja wa biashara, kwa kuwa wengi wameniuliza kama mikutano hiyo inastahili ada na muda wake.

Tawi hukutana Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa kumi na moja jioni, katika ukumbi wa kukodi upande wa Area D. Saa moja na nusu ya mwanzo ni ya mafunzo. Kisha viti husogezwa, chakula huletwa, na mazungumzo huendelea hadi saa tatu usiku. Asiye mwanachama hulipa shilingi 20,000 kwa jioni moja, chakula kikiwemo.

Mafunzo yaliyonifaa zaidi ni yale yaliyoanza na faili halisi. Jioni moja mama aliyestaafu kazi ya benki, ambaye karibu sote humwamkia shikamoo kabla hatujaketi, alikuja na nakala ya hati ya nyumba, jina la mmiliki na namba ya kiwanja vikiwa vimefutwa kwa wino mweusi, akaipitisha mkono kwa mkono na kuuliza nani angeipokea kuwa dhamana ya mkopo wa miaka kumi. Mikono mingi iliinuliwa, na wangu ukiwemo. Ndipo alipotuelekeza kwenye mstari wa muda wa umiliki. Hati ile ilikuwa ya miaka 33, ya enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyokuwa ikigawa viwanja vya Dodoma, na ilikuwa imebakiza miaka saba tu. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na ikaagizwa kwamba umiliki wa miaka 33 ubadilishwe kuwa wa miaka 99, lakini mwenye nyumba ile hakuwahi kwenda kubadilisha, na afisa aliyepokea karatasi zake hakumkumbusha. Mkopo ungekuwa bado unadaiwa ilhali hati imekwisha muda.

Hakuishia hapo. Alifunua ukurasa wa mwisho na kuuliza iko wapi ridhaa ya mwenza, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaka pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, na mle ndani kulikuwa na sahihi ya mume peke yake. Kila aliyewahi kumpeleka dalali kwenye nyumba ya namna hiyo anajua kinachofuata: mke anafungua shauri, mnada unazuiwa, na deni linalala mahakamani huku vitabu vikizidi kuchafuka. Asubuhi iliyofuata nilifungua kabati letu la rehani na kupitia faili moja baada ya jingine. Manne hayakuwa na ridhaa. Tuliwaita wakopaji hao na wenzi wao, tukayarekebisha wakati marejesho yakiwa bado yanaingia vizuri, na kwangu mimi hilo peke yake lilirudisha ada ya mwaka mzima.

Somo la mikopo ya watumishi nalo liliendeshwa kwa umakini, kama inavyostahili katika mji ambao wakopaji wengi wanatoka Mtumba, kwenye ofisi za wizara, na kwenye halmashauri. Tulikumbushwa kwamba sheria ya mwaka 1970 ya kudhibiti madeni ya watumishi inataka theluthi moja ya mshahara ibaki kwa mtumishi, kisha tukakubaliana jambo ambalo sote tunaliona kila siku: slipu ya mshahara haionyeshi deni la kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, wala haionyeshi mkopo wa kausha damu, wa riba kubwa, uliochukuliwa kwa kuacha kadi ya benki na namba ya siri. Mjadala wa wakulima wa zabibu ulikuwa mfupi kuliko nilivyotaka. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na bado taasisi nyingi humpangia mkulima wa Hombolo au Mpunguzi marejesho ya kila mwezi kana kwamba analipwa mshahara. Mada hiyo ilistahili jioni nzima.

Zipo pia jioni zilizopotea. Mgeni mmoja wa kampuni ya programu za kompyuta alialikwa kuzungumzia upimaji wa hatari ya mkopo, akatumia dakika sabini kutuuzia bidhaa yake, na alipoulizwa mfumo wake unamtathmini vipi mwombaji asiye na akaunti ya benki hakuwa na jibu. Uongozi unapaswa kusoma wasilisho la mgeni kabla hajapewa jukwaa. Maandishi ya mafunzo nayo huchelewa kutumwa, mara nyingine wiki tatu.

Sehemu ya maongezi na chakula ndiyo ambayo wengi huibeza kwa kudhani ni sherehe tu, na ndiyo ninayotaka kuitetea. Kwenye meza ya mishikaki na ndizi za kuchoma afisa wa kampuni ndogo huketi pamoja na meneja wa benki kubwa, na husimuliana mikopo iliyowashinda. Ipo kanuni moja inayotangazwa mwanzoni mwa kila mkutano: hakuna kumtaja mkopaji kwa jina wala kwa alama itakayomtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na anayetaka historia ya mwombaji anazo taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu. Mwezi wa sita nilishuhudia kanuni hiyo ikijaribiwa. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alianza kutuonya kuhusu mfanyabiashara wa soko la Majengo na akataja bidhaa anazouza na kona ya kibanda chake. Mwenyekiti aliweka sahani chini, akamwambia, “Mdogo wangu, hapo umeshamtaja. Tusimulie mkopo, mtu muache.” Kijana aliomba radhi, akaanza upya, na simulizi lake likatufaa vilevile. Tangu siku ile nami nimepata ujasiri wa kueleza makosa yangu, kwa kuwa nina hakika kwamba hayatatoka nje ya ukumbi yakiwa na majina ya watu.

Ziara ya Kibaigwa, Jumamosi moja wakati wa mavuno, ilikuwa bora kuliko mihadhara mitatu. Katika soko lile la nafaka kando ya barabara ya Morogoro tulimwona mfanyabiashara akipakia mahindi kwenye lori kwa ahadi ya kulipwa baada ya mzigo kuuzwa, na ushahidi wake wote ulikuwa ni daftari la kurasa mia lililofungwa kwa mpira. Alituonyesha ukurasa wa mteja mmoja: tarehe, idadi ya magunia, namba ya lori, na sahihi ya dereva, ila mnunuzi mwenyewe hakusaini popote. Wahasibu wa madeni ya biashara waliokuwa nasi walikaa naye karibu saa nzima wakimwonyesha jinsi hati ya makabidhiano yenye sahihi ya mnunuzi na tarehe ya malipo inavyomlinda.

Kasoro kubwa ya tawi ni muda. Mkutano unaoisha saa tatu usiku siku ya kazi humfungia nje afisa wa Kondoa, Mpwapwa au Kongwa, ambaye hawezi kupata usafiri wa kurudi, na vilevile mama mwenye mtoto mchanga. Mara nyingi nimehesabu wanawake chini ya kumi katika ukumbi wa watu arobaini. Nimependekeza kwa katibu kwamba angalau mkutano mmoja kila robo mwaka ufanyike Jumamosi mchana, na amenijibu kwamba watajaribu mwezi ujao, mada ikiwa kupanga upya marejesho ya mkopaji aliyekwama kabla deni halijafika kwa dalali. Nimeshalipia nafasi mbili: yangu, na ya binti aliyeajiriwa ofisini kwetu mwaka huu, ambaye wiki iliyopita aliniletea faili lake la kwanza la mdaiwa sugu akiwa amekaribia kulia.