Taa moja iliyozibwa: uzoefu wangu wa kumnunulia binti yangu gari lililotumika

Nilichokuwa nakitafuta hakikuwa kikubwa: gari dogo lililotumika, la bei nafuu, ambalo binti yangu mwenye umri wa miaka 17 angeweza kuzoelea barabara bila kuniweka roho juu. Nilishikilia masharti mawili tu, mifuko ya hewa iliyo hai, ile inayofumuka kumkinga mtu gari likigonga, na ule mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia toleo la mwaka 2012. Nilivitaka vyote viwili kwa sababu dereva mchanga huingia kwenye kona kwa kasi asiyoijua na hukanyaga breki akiwa amekwisha kuchelewa. Muuzaji aliapa kwamba vyote vipo na vinafanya kazi.

Siku ya kulijaribu, honi ililia vizuri, lakini nilipokata usukani kushoto ikanyamaza. Nilipouliza, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mama, hiyo ni fyuzi tu." Nikalipa.

Baada ya wiki mbili hivi nililipeleka kwa fundi ninayemwamini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kutoa hata senti moja. Aliniketisha kwenye kiti cha dereva, akaniambia nifungue swichi bila kuwasha injini na niitazame dashibodi. Ikawaka taa ya breki, ya oili na ya betri. Ya mfuko wa hewa haikuwaka. "Hiyo inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izime yenyewe," alisema. "Isipozima, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mkono wa mtu."

Alipoifungua dashibodi tuliukuta mkono huo. Nyuma ya alama ya taa ile palikuwa pamebandikwa kipande cha utepe mweusi, kidogo kuliko ukucha wangu, kilichokatwa kwa mkasi pembe zote nne ili kisizibe taa ya jirani. Mpaka leo nakiona kipande kile. Mtu alikaa, akapima, akakata, akabandika, akarudisha kila skrubu mahali pake, huku akijua kwamba gari linauzwa kwa mzazi.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa nacho mkononi. Hakukana. "Gari linatembea, mama, unataka nini tena? Mtoto akiendesha kwa adabu, huo mfuko hatauhitaji." Nilikosa la kumjibu, na hasira ya kukosa jibu siku ile haijanitoka.

Nilikusudia kuandika hapa kwamba gari lile ni bovu, ila nitakuwa nalisingizia. Injini haijanisumbua, gia zinaingia bila kukwaruza, mafuta linakula kidogo, na breki zinashika. Fundi aligundua kwamba utepe wa nyaya unaojiviringa chini ya usukani, ambao hupeleka umeme kwenye honi na kwenye mfuko wa hewa wa dereva, ulikuwa umekatika. Akaubadilisha mchana mmoja, honi ikarudi na taa ikarudi. Kwa hiyo gari lenyewe ningelisifu.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoshindwa kulisifu. Matengenezo ya mchana mmoja! Aliyeweza kuifungua dashibodi ile kwa ustadi kiasi kile angeweza pia kubadilisha nyaya, naye akachagua kuziba taa, na binti yangu akaenda na kurudi shuleni karibu wiki mbili akiwa ameukabili usukani ambao usingemlinda. Muuzaji hakunirudishia chochote, na kwake sitamwelekeza mzazi yeyote, hata kama magari yake mengine yote ni mazima.

Siku hizi binti yangu hufungua swichi, akaitazama taa ile ikiwaka, akaisubiri izime, ndipo anapowasha injini. Nami husimama karibu na dirisha lake mpaka aniambie, "Imezima, mama."