Duka la bunduki hapa Texas: bei ziko juu kidogo ila sheria za vifaa wanazijua

Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja waliyoikosa ntaieleza huko chini. Naandika hasa kwa ajili ya wabongo, wakenya na wengine wetu tulioko Texas tunaomiliki bunduki kihalali, maana kila mwaka tunasikia mara kifaa hiki kimepigwa marufuku mara kimeruhusiwa, unaenda dukani kuuliza muuzaji anakwambia we chukua tu hakuna shida, na siku ukiitwa kujieleza huyo muuzaji humuoni.

Hapa ni tofauti. Pembeni ya kaunta ya vifaa kuna ubao umegawanywa sehemu tatu, sheria zinazofanya kazi, zilizofutwa na zilizoko mahakamani, kila mstari una tarehe yake na mzee mwenye duka ndo anauandika mwenyewe kwa mkono. Ukimuuliza swali anakuonyesha karatasi yenyewe ya serikali au hukumu yenyewe, alafu anakutofautishia hii ni sheria ya shirikisho, hii ya jimbo. Mi hilo tu lingetosha kunirudisha.

Chukua bamp stoki, kile kitako kinachofanya bunduki icheze mbele na nyuma ili ipige haraka. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, ambako muuaji alitumia kifaa hiki, idara ya ATF, ile ya shirikisho inayosimamia silaha, ikatoa kanuni mwishoni mwa 2018, ikaanza kazi Machi 26, 2019, kwamba ukiwa nayo unaiharibu au unaisalimisha, na fidia hakuna. Juni 14, 2024 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 6 kwa 3 kwamba ATF walivuka mamlaka yao, kifaa kile hakiifanyi bunduki kuwa rashasha kwa maana iliyoandikwa na Bunge. Kwaiyo kwenye ubao iko sehemu ya zilizofutwa, ila chini yake mzee ameandika kwa wino mwekundu kwamba yapo majimbo yana marufuku yao wenyewe na hukumu ile haikuyagusa. Mtu anayeendesha gari kutoka hapa kwenda California anahitaji kuujua huo mstari mwekundu kuliko hukumu yenyewe.

Breisi za bastola ndo zimewachanganya watu zaidi. Kile kifaa cha kufunga mkononi kilitoka 2012, kilitengenezwa kumsaidia askari mstaafu mwenye ulemavu, na ATF wenyewe walikikubali. Miaka ikapita, Januari 2023 wakageuka, wakatoa kanuni kwamba bastola nyingi zenye breisi zihesabiwe kuwa bunduki fupi, yaani zile za mtutu chini ya inchi 16 ambazo toka sheria ya NFA ya 1934, ile ya shirikisho ya silaha maalum, lazima zisajiliwe. Watu wakapewa mpaka Mei 31, 2023, ama usajili bila kodi, ama utoe breisi, ama ubadilishe mtutu, ama uiharibu au uisalimishe. Juni 2024 hakimu wa shirikisho huku huku Texas akaifuta kanuni nzima. Sasa fikiria watu wawili wana bastola za aina moja, mmoja alisajili mwingine hakusajili. Aliyesajili ana bunduki fupi iliyoko kwenye rejista, akitaka kuvuka nayo kwenda jimbo jingine anaomba kibali ATF kwanza, mwenzake yeye hahitaji kibali hicho. Nilimkuta mzee anamweleza hivyo mteja mmoja aliyekuwa na hasira kweli, akamweleza taratibu bila kumcheka, akamwonyesha njia alizonazo na akamwambia hii nyingine kamuulize mwanasheria, mimi siwezi kukujibu. Muuzaji anayekubali kusema hivyo mbele ya mteja mwenye hela mkononi namheshimu sana.

Mimi nilifuata sailensa, kile kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki. Hapa naomba tuelewane vizuri maana uvumi ni mwingi. Toka 1934 kodi ya kuhamisha sailensa ilikuwa dola 200, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa hela ya kutisha. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeishusha mpaka dola 0 kuanzia Januari 1, 2026, kwa sailensa, kwa bunduki fupi, na kwa zile silaha za kundi la AOW, yaani silaha nyingine zisizoingia kwenye makundi ya kawaida. Rashasha na vilipuzi bado ni 200. Kilichoondoka ni kodi, usajili upo pale pale! Bado unajaza Fomu 4, ile ya kuomba ATF ikuhamishie kifaa, bado alama za vidole, picha, nakala moja inaenda kwa sherifu wako, na mpaka kibali kitoke sailensa inalala kwenye sefu ya duka hata kama umeshailipia yote. Zipo kesi zimefunguliwa kudai kwamba kama kodi ni sifuri basi usajili nao umekosa msingi, mzee ameziweka sehemu ya tatu ya ubao na hataki mteja azitegemee, kuwa nayo bila kusajiliwa ni mpaka miaka 10 jela. Vilevile usidanganyike na ile sheria ya Texas ya 2021 inayosema sailensa iliyotengenezwa humu humu Texas haiguswi na Washington, ATF hawaitambui na wewe ndo utakayeshikwa.

Walinisaidia fomu kwenye kompyuta yao mwanzo mpaka mwisho, vidole walichukua wenyewe, wakaniuliza kitu ambacho sehemu nyingine hakuna aliyenigusia: nani mwingine ndani ya nyumba anajua namba ya sefu? Ukisajili kwa jina lako peke yako basi ni wewe tu unayeruhusiwa kuwa nayo, mke akibaki na funguo ukasafiri hapo kuna tatizo. Wanakueleza habari ya kusajili kwa trasti, yaani kwa jina la mfuko wa kisheria wenye watu zaidi ya mmoja, ambapo kila mhusika naye anatoa vidole na picha. Kazi inaongezeka lakini mnalala kwa amani.

Na vitu vidogo pia wanavikazania. Kijana mmoja alitaka hendo ya wima ya kufunga mbele ya bastola yake fupi, kitu cha bei ndogo tu, wakakataa kumfungia. Kwa ATF hiyo hendo inaitoa bastola kwenye kundi la bastola inaingia AOW, na kutengeneza AOW bila kibali ni kosa hata sasa ambapo kodi yake ni sifuri. Wakamwonyesha ya mshazari, hiyo haina neno. Pia vile vifaa vya kusafishia mtutu vya bei chee mtandaoni hawaviuzi kabisa, maana watu wanavitoboa wapate sailensa, na ukishatoboa bila kibali tayari umetengeneza silaha isiyosajiliwa.

Sasa nyota iliyopotea. Bei zao ziko juu kuliko za mtandaoni na utaliona hilo hasa kwenye magazini na darubini. Ila kilichonikera zaidi ni wikiendi, mzee hayupo, wanakaa vijana ambao ubao uko nyuma yao na hawausomi, nilimsikia mmoja anamwambia mteja breisi zote sasa ruksa bila hata kumuuliza bunduki yake ikoje au anaishi jimbo gani. Nilimpigia mzee nikamwambia, akanishukuru, sijui kama kimebadilika kitu.

Ukienda nenda katikati ya wiki asubuhi. Beba kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa hivi, kama umehama na leseni ya udereva haijabadilishwa watakurudisha. Mwenye grinikadi unanunua kama kawaida, njoo nayo yenyewe sio kopi. Wenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida sheria ya shirikisho inawakataza, kuna misamaha michache kama leseni ya uwindaji, hiyo muulize mzee kabla hujagusa kitu chochote kwenye kaunta.