Ngosi au Matema, likizo ya Juni?

Shule zikifungwa Juni, kwetu Uyole, Mbeya, ubishi ni ule ule: tupande Ziwa Ngosi au tushuke Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa?

Ngosi ni karibu. Unashukia Isongole asubuhi, jioni umerudi kula ugali wako. Ila ni kukwea msituni kwenye utelezi, na ukifika juu ziwa liko chini kabisa ndani ya kreta, la kutazama tu. Mwaka jana kitinda mimba wetu alibebwa mgongoni nusu ya njia, kisha ukungu ukafunika kila kitu. Tulipiga picha ya weupe.

Matema ni safari hasa. Mnapita Tukuyu, migomba na chai, halafu joto linaanza kuingia dirishani na sweta zinavuliwa moja moja. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini 1,700 hivi. Kwa hiyo Juni hiyo hiyo watoto wanaogelea mchana kutwa. Mama hurudi na chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa huko, amekipakata kama mtoto mchanga. Nauli na malazi vinauma, sikatai.

Mimi ni wa Matema. Baba anasema Ngosi, na mwenye pochi ni yeye.