Gereji ya Ipuli, Tabora: wanakagua lori kabla halijatoka

Naandika kwa madereva wenzangu tunaobeba tumbaku kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge kwenda Morogoro, na kwa matajiri wanaotukabidhi magari yao. Tabora mjini, upande wa Ipuli, ipo gereji inayofanya kazi ambayo gereji nyingi haziitaki kwa sababu haina hela kubwa: kukagua lori kabla ya safari, likiwa bado zima. Kichwa peke yake shilingi 30,000, kichwa na tela 50,000. Ukiwahi foleni, saa moja na nusu umemaliza. Jina la mwenye gereji siliandiki kwa kuwa mwenyewe hapendi kutangazwa. Ukifika Ipuli ulizia gereji ya malori yenye mwembe mkubwa getini, bodaboda wanaijua.

Nimekuwa nikipeleka gari pale tangu msimu uliopita wa tumbaku. Ni semi, kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu. Sikulipwa kuandika haya, na yapo ya kuwalaumu nitakayoyasema.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawagusi gari kama dereva hayupo. Siku moja tajiri fulani alikuja na gari lake dogo, akamtanguliza kijana na funguo za lori, akataka akirudi jioni akute karatasi imeshasainiwa. Fundi mkuu pale ni mzee wa makamo, mpole sana. Alipokea shikamoo, akamjibu, "Marahaba mwanangu. Nashukuru umekuja, ila mlete dereva. Breki atakanyaga yeye." Tajiri akabisha kidogo, akapiga simu, dereva akaja. Mzee angeweza kuchukua ile hela na kugonga mhuri, wala hakuna ambaye angejua.

Wanaanza na upepo unaoendesha breki, na hapo ndipo muda mwingi unapokwenda. Magurudumu yanawekewa choki ili gari lisibingirike, injini inawashwa, presha inapanda hadi PSI 120 hivi (PSI ni kipimo cha presha), kisha injini inazimwa. Breki ya maegesho inaachiwa, wewe dereva unakanyaga pedeli na kuishikilia dakika nzima. Hakuna kuongea. Mzee anasimama kwenye ngazi ya mlango akitazama geji na saa ya simu, na kijana wake anatembea taratibu ubavuni mwa tela, ameinama, anasikiliza. Kipimo wanachotumia ni kile wanachopimiwa madereva wa Marekani wanapotafuta leseni ya magari makubwa: gari lenye tela lisipoteze zaidi ya PSI 4 kwa dakika breki ikiwa imekanyagwa. Langu lilipoteza zaidi ya hapo. Kijana akasimama kwenye ekseli ya pili ya tela, akapaka maji ya sabuni kwenye mpira wa upepo pale unapopita juu ya springi, na povu likaanza kutoka. Mpira ulikuwa umesuguliwa na chuma mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Ukipita kwa kuzunguka gari na tochi huoni kitu, kwa sababu vumbi la Sikonge limeshaufunika mpira wote rangi moja.

Kisha wanashusha upepo makusudi. Swichi imewashwa, injini imezimwa, unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, sindano inashuka. Kengele ya kuonya inatakiwa ilie, au taa yake iwake, kabla presha haijapita chini ya PSI 60 hivi. Kwangu ilikuwa kimya. Mzee akafungua kifuniko chini ya dashibodi, akavuta waya uliokatwa ukafungwa kwa seloteipu. Kuna fundi huko nyuma, gari likiwa bado kwa dereva mwingine, aliona ni rahisi kuinyamazisha kengele kuliko kutafuta kwa nini inalia. Hilo liliniuma na mpaka leo linaniuma. Upepo ukizidi kushuka, springi zilizomo ndani ya chemba za breki, vile vikopo vya chuma vinavyopokea upepo, zinabana magurudumu zenyewe, na hazichagui mahali. Zinaweza kubana ukiwa katikati ya kona au juu ya reli. Ile kengele ndiyo inayokupa nafasi ya kutafuta pembeni pa kusimama, na kuna mtu aliiondoa kwa wembe na seloteipu. Waliunganisha waya upya bila kuniongezea bei.

Halafu wanaleta chaki. Gari likiwa na upepo wa kutosha na breki imeachiwa, kijana anaingia uvunguni, anachora alama kwenye kile chuma kinachotoka kwenye chemba ya breki, pale kinapoingilia. Unakanyaga, chuma kinatoka, anapima kwa rula umbali ambao alama imesogea. Anafanya hivyo gurudumu kwa gurudumu na kuita namba kwa sauti, mwenzake anaandika. Kwa chemba za aina ya 30, ambazo ziko kwenye magari mengi tunayoendesha, kikomo cha kawaida ni inchi 2. Ikizidi hapo, chuma kinamaliza safari yake kabla kiatu cha breki hakijaibana vizuri ngoma, ile inayozunguka na gurudumu. Kwangu, gurudumu la kulia la ekseli ya mwisho lilikuwa limezidi, mengine yalikuwa ndani. Kwenye uwanja mtambarare usingejua, breki zilikuwa zinashika.

Wanaobeba saruji kurudi huku wanaelewa kwa nini nakaa sana kwenye jambo hili. Ukitoka Singida kuja Igunga unateremka Sekenke ukiwa na mzigo kamili. Ngoma ikipata moto inatanuka, inakimbia kiatu, na chuma cha chemba kinalazimika kutoka zaidi kukifuata. Breki iliyokuwa imebakiza kidogo kufika kikomo ikiwa baridi, pale katikati ya mteremko haibakizi kitu. Mwenye breki moja mbovu anazichosha nyingine zote, maana ndizo zinazobeba kazi yake. Kwa hiyo nikisikia dereva anasema breki zake "zinashika tu", namuuliza zinashikia wapi, kwenye uwanja wa gereji au Sekenke?

Upande wa magurudumu, mzee ana jicho la ajabu. Haanzi na spana. Anatazama kwanza. Nati iliyolegea huwa inatoa michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye tundu lake, au inaacha sehemu ya chuma inayong'aa kwa kusuguliwa pale ilipochezacheza. Alinionyesha kwa kidole kwenye gurudumu la tela: nati mbili zilizokaa jirani, kila moja na mchirizi wake mwembamba wa rangi ya chai ya rangi. Alipozifungua, stadi moja, yaani bolti inayoshika nati, ilikuwa na ufa. Sisi tunaoingia kwenye vyama vya msingi kuchukua marobota, kwenye njia za vijijini zenye makorongo, magari yetu yanatikisika kuliko ya wanaotembea lami tupu, na sehemu za kwanza kulegea ni nati za magurudumu na yu-bolti za springi. Anazikaza kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa bomba refu na uzito wa kijana. Halafu anakuandikia kwenye karatasi usimame baada ya kilomita 40 hadi 80 uzikague tena nati za gurudumu lililofunguliwa. Ndivyo wanavyoelekezwa madereva wa Uingereza pia, kwa sababu gurudumu lililofungwa upya hujikalia vizuri baada ya kutembea na nati zikapoteza kaza. Ukielekea Nzega, maana yake unasimama kabla hujafika Nzega.

Matairi wanapima kwa geji, ikiwa ni pamoja na yale ya ndani kwenye pacha, matairi mawili yaliyokaa pamoja. Najua wengi wetu tunagonga kwa chuma na kusikiliza mlio. Kugonga kutakuambia tairi limekwisha upepo kabisa, lakini hakutakutofautishia lenye PSI 110 na lenye 75, na hilo la 75 ndilo linalochemka na kupasuka njiani. Anapitisha pia mkono katikati ya pacha kutafuta mawe.

Oili, maji ya rejeta, mikanda ya injini, vioo, waipa, honi: wanapitia haraka na sina neno. Pembetatu, mtungi wa kuzimia moto na kisanduku cha huduma ya kwanza wanaangalia kama vipo, na mtungi wanaangalia sindano yake iko kwenye kijani.

Karatasi yao ndiyo nimeipenda kuliko vyote baada ya breki. Ni kitabu cha kaboni. Nakala moja inabaki kwao, moja kwako. Inasainiwa na fundi na dereva, wote wawili, na chini kuna nafasi ya dereva kuandika alichokihisi safari iliyopita: usukani unavuta kushoto, harufu kwenye mteremko, gia ya nne ngumu. Ukirudi mara nyingine, mzee anaanza kwa kusoma ile nakala ya nyuma kabla hajainua kichwa kuangalia gari. Marekani hilo ni sheria, dereva anatakiwa kuisoma ripoti ya mwisho ya gari na kutia saini kama ilikuwa na kasoro, ndipo aondoke. Kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuingiza barabarani gari bovu, lakini kumbukumbu ya namna hii hakuna anayekudai. Yeye ameiweka kwa hiari. Na inamsaidia dereva siku tajiri akisema hakuwahi kuambiwa.

Sasa ya kulaumu. Uwanja hauna paa wala sakafu ya zege. Masika ukifika pale unakuta matope, na nimeona kwa macho yangu kazi ya uvunguni ikifanywa nusu nusu kwa sababu kijana hawezi kulala chini. Kipimo cha chaki siku ya mvua hakina maana kabisa. Wamwage hata changarawe na wachimbe shimo lenye ngazi, tutachangia kwa kulipa zaidi kidogo.

Umeme wao ni dhaifu. Taa wanakagua mchana kwenye jua kali, na taa ya breki ya tela iliyofifia inapita kama nzima. Kebo ya umeme kati ya kichwa na tela wanaitazama tu, hawaitikisi, wakati taa nyingi za tela zinakufa pale kwenye plagi. Mimi niliitikisa mwenyewe mbele yao, indiketa ya kulia ikazima. Mzee alikubali, akamwambia kijana aiongeze kwenye karatasi.

Mzigo hawakagui. Nadhani ni kosa, kwa sababu marobota ya tumbaku yakifungwa vibaya yanaegemea upande mmoja, na tela lililoegemea halina breki sawa hata kama chemba zote ni nzima. Wala karatasi yao haikusaidii mizani. Kikomo cha juu cha uzito kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56, na kinategemea ekseli zako, hilo unalijua wewe na aliyekupakia.

Na kuna duka la spea jirani. Vijana wanapata chochote wakikupeleka huko, hawalifichi. Kibaya ni kwamba kijana mmoja aliniambia laining zangu za breki zimekwisha na nikanunue palepale. Nilimwita mzee, akapima, akasema bado, akamgombeza mbele yangu. Kwa hiyo ukiambiwa kitu kimekwisha, omba uonyeshwe kipimo. Mzee hakasiriki ukiomba.

Neno kwa matajiri. Hii 50,000 ni yenu, si ya kukatwa kwenye mileji ya dereva. Kuna madereva ninaowajua Tabora wanaipita ile gereji wakiitazama tu kwa sababu wakiingia, hela ya kula njiani inapungua. Dereva aliyekaa kwenye kile kiti ana mke Kigoma au Nzega anayesubiri simu yake, na utingo wake mara nyingi ni kijana wa watu ambaye mama yake alikuja kumkabidhi kwa mkono. Mimi wa kwangu alikabidhiwa hivyo. Tajiri wangu alilipa bila maneno nilipompelekea picha ya ile stadi yenye ufa, na sasa analipa kila kabla ya safari ndefu. Jaribuni kuwaonyesha wa kwenu picha.

Nenda jioni ya siku moja kabla ya safari, usiende alfajiri mzigo ukiwa umeshafungwa na mpokeaji anakupigia simu, maana wakikuta kitu utashawishika kuondoka nacho. Nenda tela likiwa tupu. Kama una karatasi ya zamani ibebe. Jumapili wamefunga. Na kama mzee hayupo siku hiyo, matairi na nati vijana wanaweza, lakini breki msubiri yeye.